Tangu Mwenyewe Arudi, Kuku Hawatagi

Mimi ni mtu wa wivu, na jambo hilo sijawahi kulificha hata siku ya kuposa. Wakwe walipomuuliza mshenga wangu kama nina kasoro, alijibu kwamba sinywi kupita kiasi, sipigi mtu, ila nina jicho. Wakwe wakacheka, wakasema mwanamume asiye na jicho atalindaje kibanja chake. Nikapewa mke huku wivu wangu ukijulikana. Kwa miaka yote niliyofanya kazi kwenye ghala la kahawa pale Bukoba, nikiishi chumba cha kupanga na mke wangu akibaki nyumbani Izigo, sikuona sababu ya kujirekebisha.

Ruhusa yangu ilikuwa Jumamosi na Jumapili, kama watu wote. Lakini mtu mwenye jicho hangoji Jumamosi. Nilikuwa narudi Jumatano, au Jumatatu, au siku yoyote basi lilipopatikana na bosi alipokuwa amesafiri. Sikupiga simu. Nilishuka barabarani, nikaacha njia kubwa na kuingia nyumbani kwa nyuma, katikati ya mibuni, nikitembea polepole kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Sikuwahi kukuta jambo lolote. Nilimkuta mke wangu akipalilia, au akimenya ndizi, au amelala na watoto. Na kila nilipofika, hata nikifika na giza, nilikuta sahani yangu imewekwa juu ya rafu ya jikoni, imefunikwa kwa jani la mgomba. Nilikula, nikashiba, nikalala nikiwa na amani. Kwamba ile sahani ilijuaje kuwa ninakuja, sikujiuliza.

Mwaka jana nilistaafu. Nilirudi na godoro, redio, kiti changu cha ofisini ambacho bosi alinizawadia, na fikra kwamba nyumba ilikuwa imenisubiri.

Wiki ya kwanza niliheshimiwa. Majirani walikuja, wakatafuna buni za kamwani, wakanywa rubisi ya ndizi, wakasema sasa mji una mwenyewe. Wiki ya pili nikaanza kuona kwamba mji huo ulikuwa unajiendesha bila mwenyewe na haukuwa na mpango wa kubadilika. Watoto wetu wote wamekwishajitegemea, wengine Mwanza, wengine Dar es Salaam, kwa hiyo tulibaki wawili, na kati ya wawili hao mmoja alikuwa na kazi. Nikisimama jikoni, ufagio unanipitia miguuni. Nikikaa uani, naombwa nisogee kidogo kwa sababu hapo ndipo maharage yanapoanikwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi hata jembe sikupewa. Jembe lilikuwa lake, na mpini wake ulikuwa umechongwa kwa kiganja chake.

Alichokuwa nacho ni kuku. Kuku wa kienyeji, wa rangi zote, pamoja na jogoo mmoja mwekundu mwenye kiburi. Jioni alikuwa anawaita kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, ya taratibu, sauti ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho tulipokuwa wachumba. Walimjia mbio kutoka kibanjani, wakipigana vikumbo, wakamzunguka mpaka hakuweza kupiga hatua. Aliwasimanga, aliwauliza habari, alimsifia huyu na kumkanya yule. Kisha alikuja kwangu na kusema, "Chakula tayari." Basi. Nilimwonea wivu jogoo. Nalisema wazi ili msomaji ajue tangu mwanzo anashughulika na mtu wa namna gani.

Kilichonitia ndani ya mambo ya kuku ni maneno niliyoyasikia kwenye uzio.

Uzio wetu ni wa milamula, kama ilivyo mipaka mingi huku kwetu, na mahali pamoja mimea miwili ilikufa ikaacha upenyo wa mtu kupita kwa ubavu. Ng'ambo anaishi mwanamume wa rika langu, fundi mwashi wa zamani, Mlutheri, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya yao. Mke wake alifariki mwaka juzi. Ni mrefu, ana meno yake yote, na anacheka kwa kifua. Sina haja ya kueleza zaidi. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya mibuni nikikagua kitu ambacho sikumbuki, nikamsikia mke wangu akimwambia kupitia ule upenyo:

"Tangu mwenyewe arudi, kuku hawatagi."

Yule bwana akacheka kwa kifua chake. Akasema jambo ambalo sikulishika. Mke wangu naye akacheka.

Damu ilinichemka. Ilikuwa kweli kwamba mayai yalikuwa yamepungua. Zamani, nilipokuwa narudi Bukoba, nilibebeshwa mayai mengi kiasi kwamba nilikuwa nawagawia wenzangu ghalani na kujisifu juu ya mke wangu. Sasa kikapu kilikaa siku nzima na yai moja, pengine mawili, mengine madogo kama ya njiwa. Lakini kusema kwamba sababu ni mimi! Kana kwamba nimeingia na mkosi. Na kumwambia nani? Mtu mwenye kwaya.

Jioni ile, tukiwa mezani, nilitangaza kwamba kuanzia kesho chakula cha kuku kitakuwa chini yangu. Nilieleza kuwa nimesimamia ghala la magunia kwa nusu ya maisha yangu na sitashindwa na kuku. Mke wangu alikuwa anachambua maharage ya kesho. Akasema, "Sawa, waitu," neno letu la heshima, bila kuinua macho. Ile "sawa" iliniuma kuliko ubishi.

Siku hizo hizo bosi wangu wa zamani alinipigia simu. Mtu aliyewekwa mahali pangu alikuwa amemshinda, na kama ningependa, chumba changu kilikuwa bado wazi, ningerudi kusimamia ghala kwa muda nitakaotaka. Nikaambiwa nijibu kabla Novemba haijaisha. Nilimpa mke wangu habari hiyo nikijifanya sijali, nikitazama ukuta. Nilitaka aseme neno moja. Hakusema nenda, hakusema baki. Alisema, "Wewe ndiye unayejua." Usiku nikakata shauri moyoni, na nilikata kama mtoto: kuku wakitaga mikononi mwangu, hapa ni kwangu na nitabaki. Wasipotaga, narudi Bukoba, niwaachie wao upenyo wao.

Nilianza kwa kumuuliza mke wangu alikuwa anawalisha nini zamani. Swali la kiungwana, la mtu anayepokea kazi. Alijibu, "Walikuwa wanakula kilichokuwepo." Nikaona ananificha siri, na siri ikiwepo kuna anayeijua.

Kwa hiyo nikaenda kwa ninachokijua mimi. Mtu aliyeishi Bukoba anajua dagaa. Nilipanda basi, nikashuka sokoni, nikanunua wale wa kulishia mifugo, wenye mchanga kidogo, gunia zima, nikarudi nalo Izigo likinuka kwenye buti la basi mpaka kondakta akaniomba nisipande basi lao tena. Nikatwanga dagaa kwenye kinu. Nikawamwagia kuku asubuhi, mchana na jioni. Walikula kwa fujo, na mimi nikasimama katikati yao nikizungukwa, kwa mara ya kwanza, kama mke wangu. Nilijaribu hata ile sauti ya chini. Jogoo alinitazama kwa jicho moja.

Mayai yaliongezeka kidogo. Nilitembea kifua mbele. Bahati mbaya ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya, na mke wangu alichemsha mayai yale ili watu wapate chochote na chai baada ya sala. Yai la kwanza lilipovunjwa, harufu ya ziwa ikajaa sebuleni. Watu walitafuna kwa heshima, wakitazamana. Bibi mmoja ambaye kwa umri wake haogopi mtu, alilishika yai lake juu kwenye mwanga, akauliza kama kuku wetu siku hizi wanatagia Nyanza. Walicheka wote. Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga. Hilo ningelisamehe. Lakini asubuhi yake, Mlutheri wangu alisimama kwenye upenyo akanisalimu na kuniuliza wavuvi wameamkaje. Ni nani aliyempelekea habari za jumuiya yetu ya Kikatoliki?

Akaniambia, kwa upole ambao sikuuomba, kwamba dagaa wawe kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga. Nichanganye na pumba za mahindi, majani ya mpapai yaliyokatwakatwa, maganda ya ndizi yaliyochemshwa. Kisha akaongeza, akitikisa kichwa: "Ingawa hawa wa kwenu walizoea makubwa, mzee mwenzangu. Walikuwa wanakula kuliko mimi."

Nilimshukuru kwa meno. Nilipofika uani nikayatafakari maneno yale. Walikuwa wanakula kuliko mimi. Yeye alijuaje kuku wangu walikuwa wanakula nini? Mtu huona sahani ya nyumba ya pili akiwa wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu alikuwa umbali wa mimea miwili iliyokufa.

Pumba zake sikuzitumia, wala majani ya mpapai, wala maganda. Yangekuwa mayai yake. Nikachukua bodaboda hadi Kamachumu, kwenye duka la dawa za mifugo, nikamweleza muuzaji kwamba nataka chakula cha kiwandani, cha kuku wa kutaga, kilicho kwenye mfuko ulioshonwa. Aliniuliza kuku wangu ni wa aina gani. Niliposema wa kienyeji, wanaotembea, alinitazama kama mtu anayetaka kusema jambo kisha akakumbuka kwamba yuko kazini. Nilirudi na mfuko mapajani. Niliwawekea kwenye vyombo, safi, kwa saa maalumu, kama zahanati.

Walidonoa, wakautawanya ule unga kwa miguu, wakapanga mstari wakipita kwenye upenyo, jogoo akiwa mbele, kwenda kuchakura kwenye kibanja cha Mlutheri.

Hata kuku.

Kuanzia hapo nilihamisha kiti changu cha ofisini. Nilikiweka chini ya upenu, mahali ambapo mtu akikaa vizuri anauona ule upenyo kati ya nguzo na pipa la maji ya mvua. Nilikaa na rozari mkononi. Mke wangu aliwaambia watu kwamba tangu nistaafu nimekuwa mtu wa sala. Nilimwona akienda kwenye uzio na bakuli, akarudi na bakuli. Nilimwona akicheka, na nikapima kicheko kile kwa masikio, nikakilinganisha na kile ninachopewa mimi. Siku moja nilipopita nyuma ya jiko nikakuta chungu kimeinamishwa juu ya tundu la mchwa, ndani yake kumejazwa mabua na samadi kavu. Huo ni ufundi wa kunasa mchwa kwa ajili ya kuku, na nilikuwa nimeuona kwake yule bwana kwa macho yangu. Kwa hiyo alikuwa ameingia mpaka nyuma ya jiko langu! Nilikipiga teke. Chungu kilivunjika, mchwa wakamwagika, na kuku wakaja mbio kutoka pande zote wakala karamu miguuni pangu. Mke wangu alichungulia mlangoni. Aliniambia chungu kile alikitega yeye mwenyewe, na kwamba kilikuwa cha marehemu mama yangu.

Nilinuna siku mbili, ingawa aliyevunjiwa chungu alikuwa yeye.

Mvua za Novemba zikaja, na pamoja nazo senene.

Kwa asiye wa huku, senene ni panzi wa kijani wanaoshuka kutoka angani kwa makundi msimu ukifika, na sisi tunawala kwa furaha ambayo watu wa mikoa mingine huiona kichaa. Mjini wananaswa kwa taa kali na mabati, wanauzwa kwa ndoo. Kijijini kwetu wanawake bado wanaamka alfajiri kuwaokota kwenye nyasi zenye umande. Zamani mwanamke alikuwa anaokota, ananyonyoa mabawa na miguu, anakaanga, lakini haonji. Senene walikuwa wa mume, na mume aliyejua wajibu wake alishukuru kwa kununua nguo. Leo wote tunakula, na hakuna anayemnyima mwanamke kitu alichookota mwenyewe. Ila heshima yenyewe imebaki. Mwanamke akimpelekea mwanamume senene aliowaokota kwa mkono wake, amesema neno ambalo mdomo hauna haja ya kuliongeza.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye kiti changu tangu ndege wa kwanza. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu na bosi alikuwa amekwishatuma ujumbe kuuliza. Mke wangu alirudi na kikapu kimejaa, kanga imelowa hadi magotini, uso unang'aa kwa ile furaha ya msimu. Alikaa chini kunyonyoa. Mabawa na miguu aliwarushia kuku, na kuku, ambao walikuwa wameudharau unga wangu wa kiwandani, walirukiana mgongoni kugombea miguu ya panzi. Nilisikia harufu ya vitunguu na senene wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Nilijiweka sawa. Nilisema moyoni, akiniletea sasa hivi, wakiwa wa moto, namjibu bosi kwamba siji.

Alitoka jikoni. Mkononi alikuwa na furushi la jani la mgomba lililofungwa kwa kamba ya mgomba, linatoa mvuke. Alipita mbele yangu. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye uzio, akageuka upande, akapita kwenye upenyo.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka rozari ilinasa kwenye mkono wa kiti na kukatika, punje zikatawanyika, na kuku wakaja kuzidonoa. Nilipita kwenye ule upenyo kwa mara ya kwanza tangu nistaafu. Yule bwana alikuwa amesimama kwenye ua wake akiwa ameshika furushi kwa mikono miwili, na mke wangu alikuwa mbele yake.

Nilimuuliza mke wangu, mbele ya mtu huyo, tangu lini anampelekea mwanamume mwingine senene.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonichanganya. "Tangu mwenzake alipofariki," alisema. "Hana wa kumwokotea. Wa kwako nimewafunika jikoni."

Nikasema, huku sauti ikinitoka vibaya, kwamba basi sasa nimejua sahani yangu ilikuwa inakwenda wapi miaka yote niliyokuwa Bukoba. Nimejua ni kwa nini bwana huyu anajua chakula cha nyumbani kwangu. Nilisema na mengine. Fundi mwashi aliweka furushi juu ya kinu, akasema anakwenda kumtazama mbuzi wake, na akaenda, ingawa mbuzi alikuwa amefungwa hapo hapo mbele yetu sote.

Mke wangu alinigeukia. Ni mwanamke ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku ile hakuipandisha.

"Baba," alisema, "ulikuwa unakuja bila kusema. Jumatatu, Jumatano, unapita kwenye mibuni ukidhani sikuoni. Mama yako aliniambia nilipoolewa, mwanamume asirudi kwake akakuta chungu kimegeuzwa. Na chakula cha baba watoto hawakigusi. Ningejuaje leo unakuja au huji? Nimekupikia kila siku. Kila siku nimekufunikia. Asubuhi, kama hukuja, nakifunua."

"Unampa nani?"

"Sikumpa mtu. Niliwapa kuku."

Kwanza niliona kuku, wale wanene wa zamani, wenye manyoya yanayong'aa, wakizunguka sahani ya ndizi na maharage, ndizi na samaki, wali wa sikukuu. Niliona senene wa msimu baada ya msimu, wale wa kwanza, wa alfajiri, waliofunikwa usiku kucha, wakimwagwa uani kabla jua halijapanda. Fundi mwashi alikuwa akiyaona hayo kupitia uzio wake, mke wake akiwa hai na baada ya kufa. Walikuwa wanakula kuliko mimi. Alisema kweli tupu. Na mke wangu naye alikuwa amesema kweli tupu: tangu mwenyewe arudi, kuku hawatagi, kwa sababu mwenyewe anakula sahani yake.

Jicho langu, lile ambalo mshenga alilitaja, ndilo lililokuwa linalisha kuku. Ningekuwa mtu wa Jumamosi kama watu wote, wangekonda zamani.

Lakini mwenye wivu hata akishindwa hoja huwa ana swali moja zaidi. Tulipokuwa tumerudi upande wetu nilimuuliza. Nilimwambia bosi anasubiri jibu. Nikamuuliza kama nikirudi Bukoba, kuku watataga.

Alikuwa ameinama akiokota punje za rozari, akizipokonya kutoka kwa kuku moja moja.

"Watataga," alisema. Akaokota nyingine, akaipangusa kwa kanga. "Lakini nimechoka kuwapikia kuku."

Kwa mke wangu hiyo ni hotuba. Niliingia jikoni. Sahani ilikuwa kwenye rafu, mahali pake, jani la mgomba juu yake likiwa limelegea kwa mvuke. Niliketi kwenye kigoda chake, sio kwenye kiti changu, nikatoa simu nikamwandikia bosi kwamba namshukuru, ila atafute mtu mwingine.

Kuku sasa nawachanganyia dagaa kidogo tu, kama chumvi, na pumba, na majani ya mpapai, na maganda ya ndizi ninayoyachemsha mwenyewe. Ndiyo, kama alivyosema yeye. Mayai yanarudi polepole, na hayanuki. Upenyo wa uzio haujazibwa. Msimu huu furushi la jirani nilimpelekea mimi, kwa mikono yangu, na nitaendelea kulipeleka mimi, nikiwa na nguvu za kutembea.

Ila asubuhi ile, kabla ya hayo yote, nililifunua jani. Senene walikuwa bado wa moto. Mke wangu alikuja akaketi chini, mgongo kwenye ukuta, akachukua mmoja, akatafuna. Nikamwambia kesho tutakwenda Muleba kutazama kitenge. Jogoo mwekundu alikuja akasimama mlangoni, kuku wengine nyuma yake, akatazama sahani, akanitazama mimi, akatazama sahani. Naijua ile namna ya kutazama. Nilimsogezea mke wangu sahani, tukala mpaka mwisho, na yule jogoo sikumbakishia kitu.